Somo: Kupima nafasi za nguzo kwenye jengo la fremu za biashara

Kila mvua zinapokatika na watu wa Mbeya wakaanza kuchimba misingi, swali la umbali wa nguzo hurudi hapa. Nimeliandika jibu lote mara moja ili atakayeuliza aelekezwe huku.

1. Hakiki mawe ya mpaka wa kiwanja.

2. Vuta kamba ya mbele, kisha upate kona ya mraba kwa kipimo cha 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari kati ya ncha hizo uwe mita 5.

3. Pima nafasi za nguzo. Ramani huonyesha umbali kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya inayofuata, lakini fundi mwenye haraka hupima uso kwa uso, yaani ule uwazi kati ya nguzo na nguzo. Kwa fremu nne za mita 3.5 na nguzo za sentimita 23, kila nafasi huzidi kwa sentimita 23, na nguzo ya mwisho hukaa sentimita 92 nje ya mahali pake, pengine kwenye hifadhi ya barabara. Vilevile, usihamishe futikamba kutoka nguzo hadi nguzo, kwa sababu makosa madogo hujilimbikiza. Ishikize kwenye alama ya kwanza, kisha usome 3.5, 7, 10.5 na 14. Misumari ya alama ising'olewe kabla ya zege la vitako (misingi ya nguzo) kumwagwa.

4. Pima mishazari yote miwili, ikilingana, chimba.

Swali: Nitumie nondo za milimita ngapi?
Jibu: Hukutaja udongo, ghorofa wala mzigo. Mwone mhandisi.

Swali: Nimepima uso kwa uso, si ni sawa tu?
Jibu: Soma hatua ya 3.

Swali (Iringa): Mwalimu, mpangaji anataka ukumbi chini ya ghorofa. Kwa nini nisiondoe nguzo ya kati, nafasi mbili ziwe moja ya mita 7?
Jibu: Umeuliza vizuri, ndugu yangu. Boriti iliyoegemea ncha mbili ikirefushwa maradufu kwa mzigo ule ule wa kila mita, nguvu inayoipinda huwa mara nne. Zaidi ya hapo, juu ya nguzo ya kati mvuto (nguvu inayolivuta zege lipasuke) uko upande wa juu wa boriti, na ndiko nondo za kuubeba zilikowekwa. Ukiiondoa nguzo, mvuto huhamia chini, ambako nondo hazikupangwa kwa kazi hiyo. Usiivunje. Kama hujajenga bado, peleka ukumbi ghorofa ya juu kabisa, ambako nguzo hubeba paa tu na kenchi iliyosanifiwa huvuka mita 7 bila shida.

Swali (Makambako): Dirisha la kutokeza nje nilielekeze wapi, kwa baridi yetu?
Jibu: Kaskazini, kwa kuwa Juni na Julai jua hupitia upande huo. Msingi wake umwagwe pamoja na wa nyumba, la sivyo kuta zitaachana kwenye maungio.