Kutia mitokondria rangi seli zikiwa bado hai
Kijani cha Janus, rangi ambayo Leonor Michaelis alionyesha mwaka 1900 nchini Ujerumani kuwa hudhihirisha mitokondria (sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati) za seli hai, bado inamfaa sana mwanafunzi mwenye hadubini ya kawaida, mradi aitumie ikiwa hafifu. Changanya gramu 0.01 katika mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, weka tone moja juu ya seli zilizokwanguliwa taratibu ndani ya shavu, funika kwa kioo chembamba, kisha subiri dakika chache.

Katika saitoplazimu, yaani ute unaojaza seli, rangi hupokea elektroni na kufifia, ilhali ndani ya mitokondria kimeng'enya cha saitokromu oksidesi huifanya ibaki na ubuluu wake wa kijani. Kwa kuwa kazi hiyo inahitaji oksijeni, picha haidumu: oksijeni ikipungua chini ya kioo, mitokondria hugeuka waridi na hatimaye hazionekani tena. Kwa hiyo tayarisha hadubini kabla ya kutia rangi, jambo linalosahaulika mno, na usiikoleze rangi ukidhani utaona vizuri zaidi, kwani ikizidi huziua seli, na seli iliyokufa hunyonya rangi kila mahali, hata kwenye kiini.

Mwenye hadubini ya mng'ao, yaani inayoonyesha rangi zinazong'aa zikimulikwa, atumie rangi ya aina hiyo iitwayo rodamini 123, ambayo kwa chaji yake chanya huvutwa ndani ya mitokondria zenye chaji hasi. Asizihifadhi seli hizo kwa formalini (dawa ya kugandisha seli) baadaye, kwa sababu utando wa mitokondria ukipoteza chaji yake, rangi nayo huvuja.