Kazi Iwe na Mwenyewe: Kupanga Wiki na Kuwajibishana Katika Biashara Ndogo

Katika biashara ya watu watatu hadi kumi na watano, mpango wa kazi mara nyingi hukaa kichwani mwa mwenye biashara. Yeye peke yake ndiye anayejua mteja gani kaahidiwa nini na mzigo upi unakaribia kuisha. Wafanyakazi hutumwa wakiwa mlangoni, wakiwa kwenye simu, au mikono ikiwa na kazi nyingine. Siku tatu baadaye linaulizwa swali, "Ile kazi imefikia wapi?" na jibu linakuwa, "Nilidhani mwenzangu anaifanya."

Mali bila daftari huisha bila habari, na kazi ni vivyo hivyo. Mwongozo huu unahusu daftari hilo la kazi: liandikwe vipi, likaguliwe lini, na nini kifanyike ahadi isipotimizwa.

Vifaa ni vichache. Chukua daftari moja kubwa la mistari, au lahajedwali moja (jedwali la kwenye kompyuta) ambayo kila mmoja anaweza kuifungua, au ubao mweupe ukutani. Chagua kimoja tu. Usinunue programu ya kusimamia kazi kabla ya kumaliza angalau wiki sita za kuandika kwa njia rahisi, kwa sababu watu wataishia kujifunza vitufe kabla hawajajifunza tabia. Kundi la WhatsApp nalo si daftari. Ujumbe wa asubuhi huzama chini ya jumbe za mchana, na hakuna anayeweza kuonyesha kipi kimekwisha na kipi bado. Wekeni kanuni hii: ujumbe unaweza kuleta kazi, lakini kazi haihesabiwi kuwa ipo mpaka iingie daftarini.

Hesabu muda mlio nao kweli

Wiki ya kwanza msipange chochote. Kila mtu, mwenye biashara akiwemo, aandike anachofanya kila anapobadilisha shughuli, kwa siku tano za kazi: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na maneno mawili au matatu ya kueleza. Siku ya kwanza sema wazi kwamba karatasi hizo hazitatumika kumwadhibu mtu, na ulitimize neno hilo. Ukimkemea hata mmoja kwa alichoandika, kuanzia kesho yake utasoma hadithi za kubuni.

Kisha fanya hesabu. Tuseme mko wanne, kila mmoja anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5. Hizo ni saa 160. Kama karatasi zinaonyesha kwamba kila mtu hutumia saa 5 kwa siku kupokea wateja, kujibu simu, kufungasha, kusafisha na kufunga hesabu, zimebaki saa 3 × siku 5 × watu 4, yaani saa 60 kwa wiki za kufanya kazi zilizopangwa. Katika hizo panga 45 tu, na 15 ziache wazi kwa dharura. Anayejaza saa zote 60 amepanga wiki ambayo hakuna mashine inayoharibika wala mtu anayeugua.

Kosa la pili huja kwenye kukadiria. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwa nini watu hukadiria muda mfupi kuliko unaohitajika: tunaitazama kazi iliyo mbele yetu jinsi itakavyokwenda mambo yakinyooka, tukasahau kazi za namna hiyo zilichukua muda gani huko nyuma. Dawa ni kubadilisha swali. Badala ya kuuliza "Itachukua muda gani?" uliza "Mara ya mwisho kazi kama hii ilichukua muda gani?" Weka safu ya saa zilizokadiriwa na safu ya saa zilizotumika. Baada ya wiki sita hadi nane, jumlisha. Kama mlikadiria saa 30 na zikatumika 42, gawanya 42 kwa 30, upate 1.4. Hicho ndicho kizidisho chenu, na kila kadirio jipya lizidishwe kwa namba hiyo mpaka takwimu zenyewe zibadilike.

Malengo ya muda mrefu hayahitaji maneno mengi. Chukua robo mwaka, yaani wiki 13, na uandike malengo yasiyozidi matatu, kila moja likiwa na namba na tarehe. Lengo la nne litakula muda wa la kwanza.

Namna ya kuandika kazi

Hapa ndipo uwajibikaji unapojengwa au kubomolewa, hata kabla mtu hajaanza kazi. Tazama mstari huu: "Kushughulikia stoo." Nani? Mpaka lini? Tutajuaje kwamba imeshughulikiwa? Sasa tazama huu: "Hesabu bidhaa zote za rafu A hadi D, linganisha na leja, andika tofauti. Karatasi iliyosainiwa iwe kwenye faili Alhamisi kabla ya saa 10 jioni." Huu hauna mlango wa kutokea.

Kila mstari wa daftari uwe na vitu saba: namba ya kazi, kitendo na kitu kinachotendewa, jina la mwenye kazi, siku na saa ya mwisho, alama ya kumalizika, saa zilizokadiriwa, na saa zilizotumika. Alama ya kumalizika ni kitu ambacho mtu wa tatu anaweza kukiona kwa macho: karatasi kwenye faili, risiti, picha ya rafu, sahihi ya mteja. "Nimeongea nao" si alama. "Wamethibitisha tarehe kwa maandishi" ni alama.

Jina la mwenye kazi liwe moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Majina mawili kwenye mstari mmoja maana yake kila mmoja ana mtu wa kumtegea. Wasaidizi wanaweza kuandikwa pembeni, lakini anayeulizwa ni mmoja. Kazi inayozidi saa 8 ikatwe vipande, kwa sababu kazi kubwa haionyeshi kuchelewa mpaka siku ya mwisho kabisa.

Hali ya kazi iwe moja kati ya nne: haijaanza, imeanza, imekwisha, imekwama. Likataeni neno "inaendelea" pamoja na asilimia. Kazi iliyofika "asilimia 90" inaweza kukaa hapo wiki tatu, na hakuna anayedanganya: vipande vidogo vya mwisho, kama kuhakiki, kufungasha na kupata kibali, ndivyo ambavyo havikukadiriwa. Kazi iliyokwama iandikwe imekwamishwa na nini, na nani atakayeikwamua.

Mtu mmoja asiwe na zaidi ya kazi mbili zilizoanza. Kuna hesabu nyuma ya kanuni hii. Mwaka 1961 mtafiti John Little alithibitisha kwamba, katika mfumo uliotulia, wastani wa kazi zilizomo ndani ni sawa na kasi ya kazi kuingia na kutoka, mara wastani wa muda ambao kila kazi hukaa humo. Karakana inayomaliza oda 5 kwa wiki huku oda 20 zikiwa zimefunguliwa itamweka mteja wiki 4 kwa wastani. Ikifungua oda 10 tu kwa wakati mmoja na kasi ya kumaliza ikabaki ileile, oda ikishaanza kushughulikiwa hutoka kwa wiki 2. Nyingine husubiri kwenye foleni zikiwa safi, bila kuchukua meza wala kumchanganya mtu, na mteja huambiwa tarehe ya kweli. Wengi huona ni salama kuanza kila kitu ili kila mteja aone kazi yake imeguswa. Ndiyo njia ya uhakika ya kuwachelewesha wote.

Kikao cha dakika 25

Kiwe siku moja ya wiki, saa ileile, tuseme Jumatatu saa 2:30 asubuhi. Kianze kwa wakati hata kama aliyefika ni mmoja. Dakika 5 za kwanza ni za namba: mauzo ya wiki iliyopita, oda zilizochelewa, madeni yaliyopitwa na tarehe. Dakika 10 zinazofuata ni za ahadi za wiki iliyopita, mstari kwa mstari, na kila mwenye kazi anajibu neno moja: imekwisha, au haijakwisha. Maelezo hayatolewi hapo. Dakika 10 za mwisho ni za ahadi mpya.

Ahadi mpya aitamke mwenye kazi mwenyewe, tarehe akiitaja yeye. Msimamizi anaweza kuuliza, anaweza kupinga, anaweza kuomba iwe mapema. Lakini tarehe akiitaja msimamizi, hiyo ni amri, na amri ikivunjika kila mtu anajua lawama ni ya aliyeitoa. Ahadi ni deni kwa sababu ilitoka kinywani mwa anayedaiwa.

Mwisho wa kikao hesabu: ahadi zilizotimizwa, gawanya kwa zilizotolewa. 14 kati ya 20 ni asilimia 70. Mkipata 100 kila wiki, watu wanaahidi vidogo ili wapate alama. Mkikaa chini ya 60 wiki tatu mfululizo, mzigo umezidi saa mlizo nazo. Rudini kwenye hesabu ya mwanzo.

Kikao hufa kwa njia mbili hasa. Kwanza, mtu anaanza kutatua tatizo mbele ya wote, dakika 25 zinakuwa saa nzima, na wiki inayofuata watu wana "dharura". Tatizo liandikwe, na wanaohusika wabaki baada ya kikao. Pili, mwenye biashara anakosa mara mbili mfululizo. Baada ya hapo hakuna atakayeamini kwamba jambo hili ni la kweli.

Ahadi isipotimizwa

Uliza maswali manne kwa mpangilio huu. Alijua kinachotakiwa? Alikuwa na vifaa na ujuzi? Alikuwa na muda? Aliamua kutofanya? Mpangilio una maana: ukipata "hapana" kwenye lolote kati ya matatu ya kwanza, kosa ni la uongozi na linarekebishwa huko. Kumfokea mtu ambaye hakupewa muda kunamfundisha kuficha. Andika chanzo kwa neno moja pembeni ya mstari, kisha mwisho wa mwezi hesabu maneno hayo. Kama "vifaa" limetokea mara tisa, hamna tatizo la uvivu, mna tatizo la ununuzi.

Kanuni moja isilegezwe: anayeona hatatimiza aseme mapema, kabla ya tarehe, akiwa na pendekezo. Kuchelewa kunavumilika, kunyamaza ndiko kunakomharibia mteja, kwa sababu kunaondoa nafasi ya kurekebisha. Mtu akirudia kosa lilelile mara tatu, mazungumzo yawe ya faragha, makubaliano yaandikwe, na tarehe ya kuyapitia iwekwe. Likifika kwenye hatua za nidhamu, fuateni sheria ya kazi ya mahali mlipo, si hasira.

Ahadi za mwenye biashara ziwe kwenye daftari hilohilo na zisomwe kwa sauti ileile. Na anapoleta kazi mpya katikati ya wiki, aulizwe na yeyote: "Ipi itoke?" Swali hilo lisionekane kuwa ni utovu wa adabu.

Orodha za kila siku

Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege ya majaribio Boeing Model 299 ilianguka Wright Field, Ohio, kwa sababu kufuli za usukani hazikufunguliwa kabla ya kuruka. Rubani alikuwa mzoefu; hatua iliyosahauliwa haikuwa ngumu. Baada ya hapo marubani walianza kutumia orodha za ukaguzi. Biashara nayo husahau mambo mepesi: friji kutochomekwa, mlango wa nyuma kutofungwa, oda kutotumwa. Andika orodha ya kufungua na ya kufunga, hatua 5 hadi 9 kila moja, ibandikwe pale kazi inapofanyika, na anayetia alama aweke jina.

Kwenye orodha ya kufunga, fedha zihesabiwe hivi: fedha za kuanzia, jumlisha mauzo ya taslimu, toa matumizi yenye risiti, toa zilizopelekwa benki. Anayehesabu asiwe yule aliyeandika mauzo. Tofauti kati ya jibu hilo na fedha zilizopo iandikwe siku hiyohiyo hata ikiwa ndogo, na mtu asijazie kutoka mfukoni, kwa maana pengo lililozibwa halionyeshi linatokea siku gani na zamu ya nani.

Tabia mpya ifungwe kwenye jambo ambalo tayari hufanyika: "Nikishafungua mlango, nafungua daftari." Utafiti wa mwanasaikolojia Phillippa Lally na wenzake ulikuta tabia huchukua siku 66 kwa kipimo cha kati (nusu ya watu chini yake, nusu juu yake) kuzoeleka, kati ya 18 na 254, na kukosa siku moja hakukuharibu. Kwa hiyo anzisheni tabia moja, ipeni wiki kumi, ndipo muongeze nyingine.

Msimu wa kazi nyingi unaweza kuuvunja utaratibu wote kwa wiki mbili au tatu. Msijaribu kufufua mistari yote iliyolala. Fungueni ukurasa mpya, kila mtu ahamishe kazi ambazo bado yuko tayari kuzitajia tarehe, na zilizobaki bila mtu wa kuzihamisha zifutwe kwa mstari.