Kwenda Sapporo wakati wa theluji: ya kujua kabla hujaondoka Unguja au Pemba

Sapporo ni mji mkuu wa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini cha Japani, wenye watu karibu milioni mbili. Ukijumlisha theluji yote inayoanguka huko kwa mwaka mmoja, inafika karibu mita tano. Mwezi wa Januari wastani wa joto ni nyuzi tatu chini ya sifuri, na usiku hushuka zaidi. Mtu wa kwetu, ambaye kipupwe cha Julai tu humtoa na sweta asubuhi, akisikia hayo huanza kuhangaikia koti. Koti ni jambo jepesi. Kinachowaliza wageni Sapporo ni utelezi, kwa hiyo tuanze na miguu.

Viatu na mwendo

Tafuta buti linalopita kifundo cha mguu, lisiloingia maji, lenye soli ya mpira laini na mifuo ya kina. Soli ya plastiki ngumu ikipata baridi huwa kama kigae. Buti liwe kubwa kidogo kuliko saizi yako, soksi nene ya sufu iingie bila kubana, maana kiatu kikibana damu haipiti vizuri na vidole ndivyo vinavyotangulia kufa ganzi. Kama soli yako ina mashaka, ukifika nunua meno ya kuvalisha chini ya kiatu. Ni mpira wa kuvutika wenye vyuma vidogo, unauzwa stesheni na kwenye maduka ya kawaida. Ukiingia ndani uvue, kwa sababu juu ya marumaru vyuma hivyo huteleza kuliko soli tupu.

Mwendo wenyewe mtu wa pwani anaujua. Ni ule wa kupita juu ya majabali yenye ukoga maji yakishatoka: hatua fupi, wayo mzima unashuka kwa pamoja, uzito juu ya mguu wa mbele, magoti yamelegea. Mikono iwe nje ya mifuko, ndani ya glavu. Begi livae mgongoni. Ukianguka chali, begi litakupokea wewe, na mikono haitakuwa imeshika kitu.

Theluji mpya, ile ya unga, haina ubaya. Mbaya ni iliyokwisha kukanyagwa ikasuguliwa mpaka ikawa kioo. Utaikuta sana kwenye vivuko vya barabara, ambako tairi za magari yanayosimama na kuondoka huisugua siku nzima, na mistari myeupe ya kivuko ndiyo inayoteleza kupita zote. Utaikuta pia milangoni mwa majengo, ambako theluji ya viatuni huyeyuka kisha ikaganda tena, na kwenye vituo vya teksi na basi. Katika njia panda nyingi za katikati ya mji kuna sanduku lenye mifuko ya mchanga. Huo umewekwa kwa ajili ya wapita njia wote. Chukua mfuko, mwaga mbele yako, pita. Taa ya kijani ikianza kuwaka na kuzima nawe hujashuka barabarani, subiri ijayo. Na usitembee chini ya mapaa: theluji na barafu ya juu huporomoka bila taarifa.

Kwa wanawake kuna jambo moja ambalo vitabu vya wasafiri havilisemi. Pindo la buibui linalofika chini hunyonya maji ya theluji, huganda, halafu ndilo unalolikanyaga kwenye ngazi. Lipandishe juu ya kifundo, na ndani yake vaa suruali nene.

Nguo

Vaa tabaka tatu. Inayogusa ngozi iwe ya sufu au ya nyuzi zinazokauka upesi, usivae pamba, kwani fulana ya pamba hushika jasho na jasho hilo likipoa linakutia baridi kutoka ndani. Ya pili ni sweta. Ya tatu ni koti la kuzuia upepo, lenye kofia yake. Mwavuli uache, wenyeji wengi hufunika kichwa tu, wakifika mlangoni hujikung'uta. Makoti mazito ndiyo yanayododa kwenye mitumba, maana hapa nani atayavaa? Kwa hiyo pita Darajani au Mwanakwerekwe kabla ya kutumia pesa nyingi, ukague zipu na ufungue mifuko yote.

Kumbuka kwamba ndani ya treni, maduka na hoteli kuna joto la kutosha kukaa na shati. Usipofungua koti utatoka jasho, na ukirudi nje utalijutia. Simu nayo iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri kwenye baridi hushuka ghafla ikazima ikiwa bado inaonesha asilimia 30.

Viza na njia ya kufika

Mtanzania anahitaji viza, na ubalozi wa Japani uko Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu na boti ya kutoka Malindi. Watataka pasipoti, fomu, picha, ratiba ya safari siku kwa siku, mahali pa kulala, na taarifa za benki au barua ya anayekualika. Ratiba isiyolingana na tarehe za hoteli ndiyo inayoleta maswali. Usilipe tiketi isiyorudishwa pesa kabla ya viza kutoka.

Njia zote za ndege zinapita kwingine kwanza, kwa mfano Doha, Dubai au Addis Ababa, kisha mara nyingi Tokyo. Angalia unatua uwanja gani: Haneda na Narita ni viwanja viwili vilivyo mbali, na kuhama kutoka kimoja kwenda kingine kunakula saa kadhaa. Uhamiaji na forodha unavimaliza Tokyo. Unachukua mizigo yako, kisha unaikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Kutoka Haneda mpaka uwanja wa New Chitose ni kama saa moja na nusu.

Usibebe embe, ndizi, wala nyama ya aina yoyote, hata ikiwa imekaushwa. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine nyingi nazo haziruhusiwi kuingia. Umeme wao ni volti 100 na soketi ni ya pini mbili bapa, kwa hiyo chukua adapta. Chaja za simu zitafanya kazi, lakini pasi na mashine za kukaushia nywele ziache nyumbani. Shilingi hakuna atakayekubadilishia. Beba dola, au kadi ya benki inayofanya kazi nje, ambayo utaitumia kwenye mashine za pesa za maduka ya 7-Eleven.

Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wa New Chitose. Treni ya haraka iitwayo Rapid Airport inakufikisha Sapporo kwa dakika 40 hivi. Chagua hoteli iliyo karibu na stesheni au na mlango wa njia ya chini ya ardhi, kwa sababu magurudumu ya sanduku hayazunguki ndani ya theluji. Mita 300 za kulikokota zitakuchosha kuliko ndege.

Ndani ya mji

Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe atashangaa. Sapporo imepangwa kama ubao wa bao. Bustani ya Odori, yenye urefu wa kilomita moja na nusu, inagawa kaskazini na kusini, na mfereji wa Sosei unagawa mashariki na magharibi. Kita ni kaskazini, Minami kusini, Higashi mashariki, Nishi magharibi. Mnara wa Saa wa mwaka 1878 uko Kita 1 Nishi 2: mtaa mmoja juu ya Odori, miwili magharibi ya mfereji. Ukishika hilo hupotei. Na maneno yao yasome kama Kiswahili tu, a, e, i, o, u zilivyo, utaeleweka.

Baina ya stesheni na Odori kuna njia ya watu chini ya ardhi, Chi-Ka-Ho, iliyofunguliwa 2011, na kutoka Odori unaweza kuendelea chini kwa chini mpaka Susukino, mtaa wa starehe za usiku. Itumie kila inapokufaa. Reli ya chini ina njia tatu tu, na treni zake zinakwenda kwa matairi ya mpira. Kwenye teksi, mlango wa nyuma dereva anaufungua na kuufunga mwenyewe, usiushike.

Tamasha la theluji hufanyika mwanzoni mwa Februari. Lilianza 1950, wanafunzi walipojenga sanamu sita pale Odori. Leo sanamu kubwa zinakaribia urefu wa jengo la ghorofa nne, na vyumba vya hoteli huisha miezi mingi kabla. Nenda asubuhi mapema upige picha, urudi usiku taa zikiwaka; mchana kati kuna msongamano, na watu wengi wakikanyaga pamoja utelezi ndio unazidi.

Sala na chakula

Hapa kwetu kibla ni kaskazini karibu sawasawa. Sapporo ni baina ya magharibi na kaskazini magharibi, nyuzi 293 ukihesabu kutoka kaskazini ya kweli, ile ya ramani, si ya sindano ya dira. Usiamini mitaa, haikukaa sawa na kaskazini hiyo. Mwanzoni mwa Februari jua huzama kabla ya 17:00, na mwisho wa Desemba huzama 16:00 na dakika chache, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana upesi. Anayetoka asubuhi kutembea apange mapema atasali wapi. Kuna msikiti, Sapporo Masjid, kaskazini ya stesheni, jirani na Chuo Kikuu cha Hokkaido. Vyoo vingi vina bomba la kujisafishia ndani yake, hilo lisikutie wasiwasi. Mwenye khofu, yaani soksi za ngozi, atapumzika: akizivaa na udhu, msafiri hupaka maji juu yake siku tatu na usiku wake.

Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na hapo Mswahili anapata faida ya bure. Mshale wa saa yao unaonesha nambari ile ile tunayoitamka sisi: nyumbani ikiwa saa nne asubuhi, ukutani Sapporo ni 4, jioni. Ukitaka kupiga simu nyumbani, tazama ukuta tu.

Chakula kina mtego. Rameni ya miso, yaani tambi za supu yenye soya iliyochachushwa, ndiyo sifa ya mji huu, na kwa kawaida supu yake ni ya mifupa ya nguruwe. Jingisukan ni nyama ya kondoo ya kuchoma, lakini kwa kawaida kondoo hakuchinjwa kwa masharti yetu. Supu ya kari, iliyozaliwa hapa Sapporo, itakuvutia kwa harufu ya bizari. Uliza kwanza mchuzi umetokana na nini. Jifunze alama hizi: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe, みりん ni mirin, pombe tamu ya kupikia inayotiwa hata kwenye sosi za samaki. Kuna neno la kuchanganya: sake ni pombe, na sake, 鮭, ni samaki wa salmoni. Kinachokaa salama zaidi ni samaki wa kuchoma kwa chumvi, shioyaki, na wali mweupe. Muulize mpishi, “Osake wa haitte imasu ka?”, yaani kuna pombe ndani? Soko la Nijo lina kaa, kome wakubwa na mayai ya samaki juu ya wali. Sosi ya soya itie mwenyewe baada ya kusoma chupa.

Mabafu ya maji moto ya Jozankei, mbali na katikati ya mji, huogwa uchi, wanaume kwao na wanawake kwao. Asiyetaka akodishe bafu la faragha, kashikiri. Bibi harusi mwenye piko aeleze mapema, maana mabafu mengi hayapokei wenye chale za rangi mwilini, na piko inaweza kudhaniwa hiyo.

Kurudi

Dhoruba ya theluji ikipiga, treni ya uwanjani husimama na ndege hufutwa, mara nyingine siku nzima. Kama tiketi ya Sapporo–Tokyo na ile ya kurudi nyumbani ulizinunua mbalimbali, ukikosa ya pili hasara ni yako. Toka Sapporo siku moja kabla, ulale Tokyo, na meno ya viatu yaweke kwenye sanduku la kukabidhi.