Namna ya Kuifanya Draiva ya Sauti Iseme Kweli Kuhusu Ucheleweshaji

Mzee mmoja mpiga udi alikuja katika chumba chetu cha kurekodia, Majengo, kutazama video ya onyesho lake la taarab kwenye kompyuta ya Linux iliyounganishwa na kadi ya sauti ya USB. Hata dakika mbili hazijapita, akauliza, “Mwanangu, mbona kidole changu chatangulia sauti?” Faili lenyewe lilikuwa salama, kwa maana kwenye simu picha na sauti zilikwenda pamoja. Kosa lilikuwa katika draiva, ile programu ndogo inayoiendesha kadi: programu ya video iliiuliza sauti ingechukua muda gani kufika kwenye spika, ikajibiwa muda mfupi kuliko ule wa kweli, nayo ikaionyesha picha mapema. Mwongozo huu ni kwa msomaji anayeijua lugha ya C kiasi cha kusoma draiva ya ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, na anayetaka jibu hilo liwe sahihi.

Katika ALSA, ucheleweshaji huhesabiwa kwa fremu. Fremu moja ni sampuli moja kutoka kila chaneli, kwa hiyo katika kasi ya 48,000 kwa sekunde, fremu 48 ni milisekunde 1. Programu inapoita `snd_pcm_delay` wakati wa kucheza, kerneli, yaani kiini cha Linux, huchukua mahali ambapo programu imefikia kuandika, hutoa mahali ambapo draiva inasema kifaa kimefikia kusoma, kisha huongeza thamani iliyomo katika `runtime->delay`. Namba mbili za kwanza zinahusu bafa peke yake, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo programu huandika na kifaa husoma. Ile ya tatu ndiyo nafasi yako ya kutaja kila fremu iliyokwisha kutoka kwenye bafa lakini bado haijasikika, iwe imo katika foleni ya pakiti za USB, katika FIFO (foleni ndogo ya ndani) ya kidhibiti, au katika vichujio vya kigeuzi kinachotoa umeme wa kwenda kwenye spika. Draiva isiyoigusa huiacha sifuri, na sifuri hiyo inadai kwamba njia yote kutoka bafa hadi spika haina urefu wowote.

Kabla ya kubadilisha mstari wowote, tambua kosa lako linaelekea upande gani, kwa sababu makosa yapo mawili na tiba zake hazifanani. Ikiwa kielekezi, yaani mahali ambapo draiva inasema kifaa kimefikia, kinasonga tu mwishoni mwa kila kipindi (fungu la fremu ambalo bafa hugawanywa kwalo), draiva huripoti ucheleweshaji mkubwa kuliko ulivyo, kwa kuwa fremu zilizokwisha kuchezwa bado zinahesabiwa kuwa zinasubiri. Kwa kipindi cha fremu 4,096 katika kasi ya 48,000, kosa hilo laweza kufikia milisekunde 85. Ikiwa kielekezi kinasonga pale fremu zinaponakiliwa kwenye foleni, ucheleweshaji huripotiwa mdogo kuliko ulivyo, na hapo ndipo kidole hutangulia sauti. Nimeona watu wakiongeza namba ya kubahatisha ili video moja ikae sawa. Siwashauri kufanya hivyo, kwa sababu kasi au ukubwa wa kipindi ukibadilika tu, namba ile huwa uongo mpya.

Pima kwa waya. Unganisha tundu la kutoa sauti na tundu la kuingiza la kadi hiyohiyo, cheza mlio mfupi mkali, urekodi wakati huohuo, kisha hesabu fremu kati ya mahali ulipouandika mlio na mahali unapoonekana katika rekodi. Linganisha hesabu hiyo na jumla ya ucheleweshaji ulioripotiwa pande zote mbili, wa kucheza na wa kurekodi. Tofauti ndiyo deni la draiva. Usitumie maikrofoni mbele ya spika ikiwa unaweza kuepuka. Kwa joto la nyuzi 30 tulilozoea hapa Mombasa, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, maana yake kila mita ya hewa huongeza karibu milisekunde 2.9, ambazo ni fremu 137 zisizoihusu draiva hata kidogo.

Kwenye USB, kazi kubwa ni kujua ni kiasi gani cha foleni kimekwisha kuondoka. Draiva inapoiandaa pakiti, iandike idadi ya fremu zilizo njiani na namba ya fremu ya basi la USB wakati huo, ambayo si fremu ya sauti bali hesabu inayosonga mara moja kila milisekunde. Programu inapouliza baadaye, draiva isome namba ya sasa, itoe ile ya zamani, na igeuze milisekunde zilizopita kuwa fremu za sauti. Fremu zilizokuwa njiani ukizitoa hizo, kinachobaki ndicho cha kuweka katika `runtime->delay`. Tuseme wakati wa kuandaa zilikuwa njiani fremu 480 katika kasi ya 48,000, na namba ya basi imesonga kwa 6: fremu 288 zimekwisha kuondoka, zimebaki 192, yaani milisekunde 4. Hapa yapo mambo mawili ya kuangalia sana. Kwanza, namba ya fremu ya USB ina biti 11 na huanza upya baada ya 2,047, hivyo toa kwa kutumia biti za chini tu. Draiva ya `snd-usb-audio` hutumia biti 8, ambazo hurudi mwanzo kila baada ya milisekunde 256. Pili, jibu likiwa chini ya sifuri, lirudishe sifuri. Katika kasi ya 44,100 kumbuka pia kwamba milisekunde moja haigawanyiki sawasawa: kwa kawaida pakiti 9 hubeba fremu 44 na moja hubeba 45, kwa hiyo usifanye hesabu kwa kuzidisha 44.

Kadi za HDA (High Definition Audio) zilizomo ndani ya kompyuta nyingi zina njia nyingine, na mimi naipenda kwa uaminifu wake. Zipo namba mbili za mahali: moja ya DMA (kifaa kuchukua data kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa), ambayo hutangulia kwa sababu data huchukuliwa kabla ya wakati wake, na nyingine ya rejista ya LPIB, inayohesabu kilichopita katika kiungo cha kuelekea kodeki, chipu inayogeuza data kuwa sauti. Katika kucheza, tofauti kati yake ndiyo ucheleweshaji wa ziada. Lakini draiva haiiamini tofauti hiyo bila kuikagua: ikifikia ukubwa wa kipindi kizima, huandika onyo kwamba LPIB haitulii, kisha huacha kuitumia. Weka kikomo kama hicho katika draiva yako, maana programu kama PulseAudio, seva ya sauti ya Linux, hutegemea ripoti hii katika kukadiria wakati, na namba inayorukaruka huisumbua kuliko namba iliyopitwa kidogo.

Usisahau kwamba kwa kawaida `pointer`, kitendakazi cha draiva kinachorudisha kielekezi, huitwa wakati kufuli la mkondo limeshikwa, kwa hiyo hairuhusiwi kusubiri. Ikiwa ucheleweshaji wa kodeki husomwa kupitia I2C, basi la polepole la kati ya chipu, usome katika `prepare`, kitendakazi kinachouandaa mkondo kabla ya kucheza, uuhifadhi, na katika `pointer` ujumlishe tu. Thamani unayorudisha iwe ndogo kuliko ukubwa wa bafa. Ikiwa sawa nao au zaidi, kerneli hulalamika na kuichukua kama sifuri. Na ikiwa kifaa hakiwezi kabisa kutaja mahali ndani ya kipindi, weka alama ya `SNDRV_PCM_INFO_BATCH` ili programu zijue mapema zisitegemee usahihi huo.

Ukimaliza, cheza sauti huku ukisoma `/proc/asound/card0/pcm0p/sub0/status` mara kwa mara, ukibadilisha namba za kadi ziendane na yako. Mistari ya `delay`, `hw_ptr` na `appl_ptr` inatosha kukuonyesha kama ucheleweshaji unapungua taratibu au unashuka kwa vishindo. Rudia jaribio la waya kwa 44,100, 48,000 na 96,000, kwa vipindi vidogo na vikubwa, kisha simamisha na uendelee katikati ya wimbo, kwa sababu hesabu ya zamani isiyofutwa mkondo unaposimama hujitokeza hapo. Jaribio la mwisho ni la mkia: cheza faili linaloishia na pigo moja la udi na uiache programu ingoje bafa imalizike. Ikiwa mlio wa uzi unakatwa kabla haujafifia, kielekezi bado kinahesabu fremu zilizo njiani kuwa zimekwisha kusikika, na kosa lirekebishwe katika kielekezi chenyewe au katika namna draiva inavyousimamisha mkondo, kwa kuwa kungoja huko huishia pale kielekezi kinapofika mwisho wa data, hata `runtime->delay` ikiwa na thamani gani.