Say au tell, rob au steal: jinsi ya kuchagua kitenzi cha Kiingereza bila kukariri orodha

Wengi wakitaka kujua tofauti ya vitenzi vya Kiingereza vinavyofanana wanakimbilia dikshenari, wanakuta "say" ni kusema na "tell" nayo ni kusema, basi wanabaki palepale. Maana peke yake haisaidii sana. Jiulize baada ya kitenzi kinakuja nini, mtu au kitu? Na hapo Kiswahili kinakubeba kuliko unavyodhani, manake tofauti nyingi za hivyo tunazo tayari, ila sisi tunaziweka mkiani mwa kitenzi wakati Waingereza wanatafuta kitenzi kingine kabisa.

Anza na hizo say na tell. Huwezi kusema "aliambia kwamba amechoka", lazima awepo anayeambiwa: aliniambia. Tell iko hivyohivyo, inataka mtu papo hapo, "he told me he was tired". Say ni kusema tu, "he said he was tired", na ukitaka kumtaja mtu unaweka to kwanza. "He said me" haipo. Kuna vichache ambavyo tell inakubali bila mtu, "tell the truth", "tell a lie", "tell a story", hivyo vikariri tu vilivyo.

Rob na steal ndo napenda zaidi, kwa sababu ni kuiba na kuibia kabisa. Unaiba kitu, unamwibia mtu. Steal inafuatwa na kile kilichochukuliwa, "they stole the phone", rob inafuatwa na aliyeibiwa au mahali palipoibiwa, "they robbed the bank", benki bado ipo pale pale, kilichoondoka ni hela. Ukiandika "they stole the bank" msomaji anaona watu wamebeba jengo. Halafu rob ina ukali wake, mara nyingi kuna nguvu au vitisho ndani yake, kwa hiyo mtu aliyechomolewa simu mfukoni kimyakimya atasema "my phone was stolen". Ile "my phone was robbed" haisimami hata kidogo, simu yenyewe haijaibiwa kitu!

Borrow na lend zinasumbua kwa sababu kuazima kwetu kunaenda pande zote mbili, mwenye kalamu anakuazima na wewe unaazima kwake. Achana na kuazima, weka kukopa na kukopesha hata kama si pesa: kukopa ni borrow, kukopesha ni lend. Kwa hiyo "lend me your pen", siyo "borrow me". Ujanja huohuo unafanya kazi kwa kukumbuka na kukumbusha (remember, remind), kuinuka na kuinua (rise, raise), kulala na kulaza (lie, lay). Hii ya mwisho ina balaa lake, lie ikienda wakati uliopita inakuwa lay, na hata waliozaliwa na Kiingereza wanaichanganya.

Sasa wear na put on, hapa mkia hausaidii, angalia wakati. Anavaa koti, yaani mkono ndo unaingia kwenye koti sasa hivi, "he's putting on a coat". Amevaa koti, "he's wearing a coat". Kosa linakuja mtu akiona ile -me- anaandika "he has worn a coat", wakati kwetu -me- mara nyingi inaeleza hali aliyonayo mtu saa hii. Amesimama mlangoni ni "she's standing at the door", amekaa ni "she's sitting", amelala ni "she's asleep". Ukilishika hili peke yake utapunguza makosa mengi tu.

See inakuja yenyewe, macho yakiwa wazi unaona. Look at ni kuelekeza macho kwa kukusudia, na watch ni kuangalia kwa muda kitu kinachosogea au kubadilika, kwa hiyo picha ya ukutani ni look at, mechi ni watch. Hear na listen ni kusikia na kusikiliza, imeisha hiyo, ila listen usiisahaulishe to yake. Na nakusikia siyo "I am hearing you", ni "I can hear you".

Kuna mahali Kiswahili kinakuponza lakini. Nielezee inakuvuta uandike "explain me", hapana, ni "explain it to me", na suggest nayo ni hivyo. Kujadili kuhusu kunakuletea "discuss about", toa hiyo about. Kufika: reach inashika mahali moja kwa moja, "reach the office", arrive inataka at, na kwa mji au nchi inataka in. Kushinda: mechi unai-win, mpinzani una-m-beat, kwa hiyo "we won them" futa.

Ukikwama na jozi ambayo sijaigusa, fungua dikshenari ya wanaojifunza, ya Cambridge ipo bure mtandaoni, ruka maana kwanza nenda kwenye sentensi za mfano. Ukiona herufi T pembeni ya maana, kitenzi hicho kinataka kitu au mtu wa kutendewa, ukiona I hakitaki. Kisha chukua sentensi moja, toa kitenzi chake weka mwenzake, uone ni neno gani linalofuata ambalo linalazimika kubadilika.