Kabla hujafungua chupa ya oganotini hapa Mtwara

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesomea sayansi ya bahari alinijia maabara na fomu ya maombi. Anataka kupima matope ya bandari na ya ghuba ya Mikindani, aone kama yana mabaki ya zile rangi za zamani za meli zilizotiwa tributiltini ili mwani na chaza wasigande kwenye chombo. Kazi nzuri. Ila kwenye fomu kaandika: tributiltini kloridi gramu 100, trimethiltini kloridi gramu 5. Zote ni oganotini, yaani kemikali za bati lililofungwa na vikundi vya kaboni. Nikamuuliza, "Mwanangu, unapima matope au unapaka meli?"

Tulicheka, kisha tukakaa chini. Niliyomwambia siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, maana yeye si wa kwanza kuniuliza.

Anza na swali la kama unaihitaji kweli. Anayepima hahitaji chupa ya kemikali tupu isiyozimuliwa. Anahitaji kiwango cha kulinganishia tu, na hicho huuzwa kikiwa kimeshazimuliwa kwenye methanoli, ndani ya kichupa cha mililita 1. Anayetengeneza molekuli mpya naye ana njia nyingine siku hizi. Njia ya kuunganisha molekuli ya mkemia Akira Suzuki, iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, hutumia boroni, na mara nyingi inafanya kazi ile ile iliyokuwa ikifanywa kwa bati. Ukikuta bado huna budi kuagiza, kumbuka kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003, na usikubali mzigo uletwe ndani ya buti la basi pamoja na magunia ya watu. Sumu hizi zina namba zake za kimataifa za usafirishaji: 2788 kwa za majimaji, 3146 kwa za unga. Haziruhusiwi kupakiwa pamoja na chakula.

Halafu neno bati lisikuzubaishe. Mabati ya paa lako ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe liko ndani ya lehemu ya fundi redio na kwenye utando wa kopo la maziwa, na hapo halimdhuru mtu kwa kiasi cha kutisha. Mambo hubadilika linapofungwa na vikundi vya kaboni, hasa vikiwa vitatu. Trimethiltini na triethiltini huenda moja kwa moja kwenye ubongo wa mtu. Tributiltini na trifeniltini ni adui mkubwa zaidi wa konokono, chaza na kuvu, ingawa ngozi na macho yako pia havisalimiki. Ufaransa mwaka 1954 kulikuwa na vidonge vya kutibu majipu vilivyoitwa Stalinon. Dawa iliyokusudiwa ilikuwa na vikundi viwili vya ethili, lakini ndani yake kulikuwa na uchafu wa triethiltini. Watu wapatao 100 walikufa. Ndiyo maana nikipokea chupa ya dimethiltini, ambayo wengi huiona ya upole, husoma kwanza imechanganyika na trimethili kwa kiasi gani.

Sasa joto letu. Trimethiltini kloridi huyeyuka kwenye nyuzi 37 hadi 39 hivi, yaani joto la mwili wa mtu. Vitabu vinasema ni fuwele nyeupe, na kwa Wazungu ni kweli. Hapa, Desemba, chupa iliyokaa nusu saa ndani ya gari lililoegeshwa juani itakufikia ikiwa maji, na nafasi ya juu ya chupa imejaa mvuke unaosubiri kizibo kilegee. Hata ikiwa fuwele bado inatoa mvuke, na harufu yake mbaya si kipimo cha usalama, ukiisikia umeshachelewa. Andaa mahali pa baridi penye kufuli kabla mzigo haujatoka Dar. Si lile friji lenye soda na juisi ya ukwaju ya wafanyakazi, hata kama ndilo pekee linalogandisha vizuri. Na chupa ikifika, iache ipoe ndani ya chombo chake cha pili. Kizibo kifunguliwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, si mezani.

Kabati lenyewe ulijaribu lini? Mimi hutumia udi. Asubuhi, kabla ya kemikali yoyote kutolewa, nawasha kijiti kimoja mbele ya mdomo wa kabati, kioo kikiwa kimeshushwa hadi usawa wa kazi, naangalia moshi. Ukiingia ndani kama uzi ulionyooka, kazi ipo. Ukisitasita na kurudi puani kwangu, hakuna kazi siku hiyo. Kisha natoka nje kuangalia bomba linatolea wapi. Msimu wa kusi upepo unapiga kutoka baharini, na kuna siku niliukuta ule ule moshi wa udi umerudishwa chini na kushukia alipokaa mama lishe anayekaanga mihogo nyuma ya jengo. Tuliomba fundi arefushe bomba. Mama lishe naye hakuhama, wateja wake wako pale.

Na umeme. Ukikatika, feni inasimama, lakini mvuke hausimami. Amua mapema utafanya nini katika sekunde kumi za kwanza: funga chupa, shusha kioo mpaka chini, toka, funga mlango. Genereta si jibu kama mtu wa kuliwasha yuko sokoni. Mimi sifungui chupa hizi bila mtu wa pili ndani ya jengo anayejua ninachofanya.

Kwa glovu nina kovu. Miaka mingi nyuma, kwenye maabara ambayo sitaitaja, tone moja la tributiltini kloridi lilinidondokea kwenye kifundo cha mkono, pale glovu inapoishia na mkono wa koti haujafika. Sikusikia chochote. Nilipangusa kwa karatasi, nikaendelea, mchana nikala wali na pweza kama kawaida. Saa mbili usiku ngozi ilikuwa nyekundu, inawaka kama nimemwagiwa uji wa moto, na asubuhi ilikuwa na malengelenge. Hii kemikali haikuumi papo hapo ili ujue. Kwa hiyo vaa glovu za nitrili nene, mbili mbili, ya nje ndefu ipande juu ya mkono wa koti. Ikipata tone, ivue hapo hapo, usisubiri umalize. Za lateksi ziache kwa kazi nyingine. Miwani ya kinga iwe ya kufunika pande zote.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Ngozi ikiguswa inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na jicho kwa maji tu, dakika 15 kamili, si kumwagia kopo mbili. Bafu la dharura la kiwango cha kawaida hutoa lita 75 hivi kwa dakika, kwa hiyo dakika 15 ni zaidi ya lita 1,100. Tangi la lita 1,000 juu ya paa halitoshi, na siku ambayo bomba la mtaa halijatoa maji tangu juzi, hilo tangi huenda lina robo. Panda ukaangalie kwa macho.

Taka nazo zipangiwe chupa kabla hazijakuwepo. Kila kilichogusa oganotini, pamoja na karatasi za kupangusia na glovu, kinakwenda kwenye chombo chake chenye kifuniko na lebo. Hakuna kinachopita sinki. Tributiltini humbadilisha konokono jike wa baharini akaota kiungo cha dume, na kwa baadhi yao nanogramu moja tu kwa lita inatosha. Piga hesabu: gramu moja inaweza kufikisha lita bilioni moja kwenye kiwango hicho. Tributiltini ndiyo iliyokaribia kuiua biashara ya chaza kule Arcachon, Ufaransa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndiyo iliyoleta mkataba wa mwaka 2001 wa kuzuia rangi hizo kwenye meli, ulioanza kutumika 2008. Kina mama wanaookota tondo Mikindani maji yakitoka hawana habari na sinki lako.

Nimeacha hospitali mwisho kwa sababu hapo ndipo nina wasiwasi zaidi. Trimethiltini inaweza kukaa kimya siku nzima au siku kadhaa. Kisha mtu anaanza kusahau, masikio yanalia, anakuwa mkali bila sababu, anachanganyikiwa, anapata degedege. Mwaka 1978 madaktari waliandika habari za wakemia wawili waliopata hali ya namna hiyo. Sasa mtu mzima akifikishwa hospitali hapa kwetu anaweweseka na kutetemeka, cha kwanza watakachowaza ni malaria, na kwa haki kabisa. Ndugu nao wanaweza kuanzia kwa mganga. Hakuna dawa maalumu ya kuitoa sumu hii. Daktari anategemea kujua mapema, kudhibiti degedege na kupima potasiamu ya damu, ambayo huweza kushuka sana.

Kwa hiyo kadi iandikwe kabla, kwa Kiswahili na kwa jina kamili la kemikali kama lilivyo kwenye chupa: tarehe, saa, kiasi, imegusa wapi, na kwamba dalili huchelewa. Moja mfukoni, moja kwa mlinzi wa lango, moja nyumbani. Yule kijana anaishi na dada yake Chikongola. Nilimtaka amweleze dada kwa maneno ya kawaida, naye dada akaandika nyuma ya kadi kwa kalamu nyekundu: "Akianza kunisahaulia majina ya watoto, twende."

Fomu yake mpya ina vichupa viwili vya mililita 1. Tangi la pili bado halijanunuliwa, hivyo vikifika vitakaa kwenye kufuli kwanza.