Kuishi na ini la kupewa
Mwaka wa saba huu naishi na kipande cha ini la mdogo wangu. Tulipasuliwa siku moja, Delhi. Lake lilikua tena baada ya miezi michache. Mimi dawa ni za maisha.

Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini la kupewa, meza saa moja asubuhi na saa moja jioni. Siku ya kupima kiwango chake, toa damu kwanza ndipo umeze; kidonge changu hukifunga kwenye pindo la khanga. Balungi acha kabisa, hupandisha dawa kwenye damu. Pima figo, sukari na presha.

Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, macho yakawa manjano, mwili ukawasha, nenda siku hiyohiyo: huenda mrija wa nyongo umebana. Mimi nilingoja wiki nzima nikidhani malaria. Na aliyekupa naye apimwe, jamani, watu humsahau.